Uzi: Mtoto wa darasa la nne anasoma Kiingereza kwa sauti lakini haelewi, na kuandika ni kunakili tu. Tuanzie wapi?

Habari za muda huu wakuu.

Uzi huu nauleta kwa walimu wa Kiingereza wa darasa la tatu hadi la tano, na kwa wazazi wenye watoto wa umri huo ambao wamejifunza kusoma kwa Kiswahili kwanza. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auhifadhi asome baadaye.

Mwalimu yeyote wa madarasa hayo anamjua mtoto huyu. Ukimsimamisha anasoma kifungu kizima bila kukwama. Ukimuuliza mbuzi wa kwenye hadithi alifanya nini, anakutazama tu. Ukizipanga upya sentensi zilezile ubaoni anababaika, kwa sababu muda wote alikuwa anafuata wimbo alioushika kutoka kwa wenzake. Pembeni yake ameketi wa pili. Huyu ukimsomea wewe anaelewa vizuri, hata kucheka anacheka panapochekesha, ila akiachiwa karatasi maneno hayamfungukii. Kwenye mtihani wote wawili wanapata alama za chini, na wote tunawaambia waongeze bidii. Shida zao hazifanani hata kidogo.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa namna ambayo mwalimu yeyote anaweza kuitumia. Walisema kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe ikisemwa. Ni zao, yaani vinazidishwa. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani.

Kwa hiyo kabla hujampa mtoto zoezi lolote la ziada, jua amekwama upande upi. Msomee kifungu kifupi ambacho hakioni, umuulize maswali. Kisha mwandikie maneno ambayo hajawahi kukutana nayo, tena mengine yawe ya kubuni kabisa kama "mip", "shan" na "tobe", ayasome. Maneno ya kubuni hayakaririki, kwa hiyo hapo unaona kama anazijua sauti za herufi au anakisia kwa umbo la neno. Aliyeelewa ulichomsomea na akashindwa maneno, anahitaji sauti. Aliyeyasoma maneno yote na hakuelewa kifungu, anahitaji lugha. Wengi watahitaji vyote, ila kwa vipimo tofauti.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo pengo linapoanzia.

Kiswahili kina irabu 5 na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto aliyeshika silabi zake anaweza kusoma karibu neno lolote la Kiswahili, hata asilolijua maana. Anaingia kwenye Kiingereza na ufunguo huohuo. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na irabu peke yake hufika sauti kama 20 kutegemea lafudhi. Herufi "a" katika "cat", "cake", "call" na "about" ina kazi nne tofauti. Mtoto akilisoma neno "name" kwa silabi mbili, na-me, ametumia kanuni sahihi kabisa ya lugha nyingine. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza waziwazi kwamba huku kanuni zimebadilika, na zimebadilikaje. Kumwambia "umekosea, rudia" hakumfundishi kitu.

Anzeni na mali aliyonayo tayari. Sauti za b, m, t, s, sh na ch zinahama naye bila shida. Hata ile "th" inayosumbua wanafunzi wengi duniani, mtoto wa Kiswahili anazo sauti zake zote mbili: ya "thamani" iko kwenye "thin", ya "dhahabu" iko kwenye "this". Kipya ni kwamba Kiingereza huziandika zote kwa herufi zilezile mbili. Mwambieni hivyo, atafurahi kugundua kuwa kumbe ana kitu.

Baada ya hapo fundisheni tofauti kwa mpangilio, moja baada ya nyingine. Kwanza maneno ya herufi tatu yenye irabu fupi: "cat", "bed", "pin", "hot", "cup". Kisha maneno yanayoishia kwa konsonanti mbili, kama "milk", "desk" na "jump". Hapa mtegeni sikio mtoto, maana ataongeza irabu mwishoni, aseme "miliki" na "desiki". Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na ulimi wake umezoea hivyo. Asipoisikia konsonanti ya mwisho ikisimama peke yake, kwenye imla ataandika hiyo irabu ya ziada. Kisha ije "e" bubu, ile inayokaa mwishoni kimya na kuibadilisha irabu iliyotangulia. Waandikieni kwa jozi: "hop" na "hope", "kit" na "kite", "tap" na "tape", "cub" na "cube". Msiwaeleze kanuni mapema. Soma jozi zote, waulize ni nini kimebadilika, waseme wenyewe. Halafu ndipo zije irabu zinazotembea wawiliwawili, "ee", "ai", "oa" na wenzake.

Kuhusu lafudhi, msijitese. Mtoto akitamka "ship" na "sheep" karibu sawa, bado anaweza kujua lipi ni lipi kwa kuliona na kwa sentensi lilimo.

Kuna maneno yasiyotii: "was", "said", "one", "come", "they". Haya ndiyo yanajaa kwenye kila ukurasa. Edward Dolch, Mmarekani, alikusanya mwaka 1936 orodha ya maneno 220 yanayojirudia sana kwenye vitabu vya watoto, haya yakiwemo, na mengi bado yanajirudia hivyo hadi leo. Fundisheni machache kwa wiki. Wala msiyafundishe kama picha za kukariri, kwa sababu hata neno sumbufu lina sehemu inayotii. Katika "said", "s" na "d" zinafanya kazi yake ya kawaida, ni "ai" pekee iliyopotoka. Mtoto akionyeshwa mahali penyewe palipopotoka anakumbuka kwa haraka zaidi.

Sasa darasani inakuwaje? Mimi naamini katika kifungu kimoja kifupi kinachokaa wiki nzima. Mazoea ya kukimbizana na kitabu, kifungu kipya kila kipindi, yanawaacha watoto wengi na juujuu ya kila kitu. Chukueni mfano wa kifungu hiki, ambacho mwalimu anaweza kukitunga mwenyewe na kukiandika ubaoni:

"Sara had a black goat. One day the goat ate her book. Sara ran home and told her mother. Her mother did not believe her."

Jumatatu hakuna mtoto anayesoma. Mnaongea juu ya mbuzi na madaftari, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kidogo, mnafundisha maneno kama "believe" na "told", kisha mwalimu anasoma mara mbili akionyesha kila neno kwa fimbo. Jumanne mnaingia ndani ya maneno: "ate" na "home" zina "e" bubu, "goat" ina "oa", "one" ni sumbufu. Wanasoma wawiliwawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole, kisha wanabadilishana.

Jumatano ni maswali, na hapa naomba nikae kidogo.

Maswali mengi ya ufahamu tunayowapa watoto yanajibika bila ufahamu. Tazameni sentensi hii isiyo na maana yoyote: "The mip dobbed a tren." Swali: "What did the mip dob?" Mtoto atajibu "A tren" na atapata vema. Hajui mip ni nini, hajui kudob ni kufanya nini, wala tren ni kitu gani, lakini amepata vema! Amelinganisha maneno ya swali na maneno ya kifungu, basi. Ndiyo maana tunaona daftari limejaa vema na mtoto hajui hadithi inahusu nini. Kwenye kifungu chetu, swali "What did the goat eat?" ni la namna hiyo. Liulizeni, ni sawa, la kuanzia. Ila msiishie hapo. Ulizeni kwa nini mama hakuamini. Jibu halimo kwenye kifungu, limo kichwani mwa mtoto aliyeelewa. Mmoja atasema mama alidhani Sara amelipoteza hilo daftari, mwingine atasema Sara ana tabia ya kusingizia. Wakitaka kujibu kwa Kiswahili kwanza waacheni, kisha wasaidieni kulivusha jibu: "Because she thought Sara lost it."

Alhamisi wanaandika. Kunakili kifungu kutoka ubaoni kunanyoosha mwandiko, na mwandiko una thamani yake, ila hakumfundishi mtoto kupanga wazo. Mpeni kifungu hichohicho abadilishe: mbuzi amekula nini, nani aliambiwa, naye akafanya nini. Kiunzi anacho, wazo ni lake. Mtoto atakuletea kitu kama hiki:

"One day the goat ate mai shuz. I ran home and told mai sista. She laf."

Kabla ya kushika kalamu nyekundu, soma anachokijua. "Ate" na "home" ameziandika sawasawa, maana zilifundishwa Jumanne. "Mai", "shuz" na "sista" ameziandika kwa sauti kwa kanuni za Kiswahili, na amesikia kila sauti ilipo. Huyu mtoto anasikiliza maneno kwa makini sana. "Laf" ni "laughed", na tahajia yake hakuna ambaye angeweza kuipata kwa sauti pekee. Na muhimu kuliko vyote, amesema jambo lake mwenyewe, dada amemcheka.

Mjibu kwanza kuhusu jambo hilo. Muulize viatu vilipona au havikupona. Kisha chagua jambo moja tu la kusahihisha, lile litakalomfaa mara nyingi zaidi. Hapo mimi ningechagua "my", kwa kuwa atalitumia kila siku. "Laughed" mwandikie pembeni alione, bila kumkata alama. Daftari lililopakwa wekundu kila mstari linamfundisha mtoto kuandika sentensi fupi kadiri awezavyo, ili makosa yapungue. Wengi wetu tunawajua watoto walioamua hivyo.

Ijumaa ni imla ya sentensi mbili kutoka kwenye kifungu, kisha kila mtoto anamsomea mwenzake alichokiandika Alhamisi. Kwisha. Wiki inayofuata kifungu kipya.

Niguse pia makosa yanayotokana na sarufi, kwa sababu tukijua yanatoka wapi tunayatibu kwa upole zaidi. Mtoto anaandika "I am go" kwa kuwa "ninaenda" ina kitu katikati kinachoonyesha wakati, naye anatafuta cha kukaa mahali pa ile "na", anakuta "am" iko wazi. Anaandika "My father he is tall" akibeba ile "a" ya "baba yangu ana..." ambayo kwetu ni lazima. Anachanganya "he" na "she" kwa sababu "yeye" haimuulizi mtu jinsia. Kanuni ndefu za sarufi hazitamsaidia sana umri huu. Steve Graham na Dolores Perin walipochambua tafiti nyingi za uandishi za kuanzia darasa la nne na kuendelea, mwaka 2007, waliona kufundisha sarufi peke yake, nje ya uandishi, hakukuinua ubora wa maandishi ya watoto, ilhali mazoezi ya kuunganisha sentensi yalisaidia. Na hayo ni mepesi mno. Andika "The goat is black. The goat is hungry." Waambie wazifanye sentensi moja. Mmoja atakuja na "The black goat is hungry", mwingine "The goat is black and hungry". Zote ni sahihi, na mazungumzo ya ipi inapendeza zaidi ni somo zuri la uandishi kuliko kurasa nyingi za kujaza nafasi.

La mwisho upande wangu ni vitabu vya hadithi. Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya utafiti Fiji, matokeo yakatoka mwaka 1983, kwenye shule za vijijini, darasa la nne na la tano, watoto ambao Kiingereza si lugha ya nyumbani. Madarasa yaliyochaguliwa yalipewa vitabu vya hadithi 250 kila moja, vya kuvutia na vyenye picha. Baada ya miezi 8 watoto hao walikuwa wanasonga mbele kwenye kusoma na kusikiliza kwa kasi ya takribani mara mbili ya kawaida, na mwaka uliofuata faida ikaonekana hadi kwenye kuandika. Najua 250 ni ndoto kwa shule nyingi. Lakini hadithi zinazotungwa na watoto wenyewe kila Alhamisi, zikishonwa pamoja, ni kitabu, na watakisoma kwa hamu kwa sababu wanawajua waandishi.

Nawasilisha. Karibuni kwa maswali na kunikosoa.

Mdau: Mkuu, asante kwa uzi. Lakini mimi nina watoto zaidi ya tisini kwenye chumba kimoja. Hayo madaftari ya Alhamisi nitayasahihisha saa ngapi?

Mleta mada: Mwalimu, pole na kazi. Usiyasahihishe yote. Ligawe darasa makundi matano, kila wiki kundi moja ndilo unalolisoma kwa kina na kulijibu, mengine yanasomeana. Kila mtoto atapata jicho lako mara kwa mara, na hilo ni bora kuliko vema za harakaharaka kwa wote. Kwenye kusoma, pitia ngazi hizi: darasa zima, kisha safu moja, kisha wawiliwawili, kisha mmojammoja wachache. Ukiishia kwenye darasa zima tu, wasioweza watajificha kwenye sauti za wenzao mwaka mzima bila wewe kujua. Na imla sahihisheni pamoja ubaoni, kila mtoto akijisahihisha kwa penseli.

Mdau: Mimi napingana na wewe hapo kwenye Kiswahili. Kipindi cha Kiingereza kiwe Kiingereza mwanzo mwisho, ndiyo watoto watazoea. Ukiwaruhusu Kiswahili wanadumaa.

Mleta mada: Hoja yako naiheshimu ndugu, na kwa sehemu tuko pamoja. Mwalimu anayetafsiri kila sentensi anawafundisha watoto kusubiri tafsiri, hawatasikiliza Kiingereza tena. Maelekezo ya kila siku, salamu, nyimbo, hadithi, yawe Kiingereza. Ila nikitaka kujua kama mtoto ameelewa kwa nini mama hakuamini, sitaki ashindwe kunijibu eti kwa kuwa hana neno "because". Hapo napima ufahamu. Akinipa wazo kwa Kiswahili, nina kitu cha kumsaidia kukivusha. Akikaa kimya, sina. Jim Cummins aliandika tangu 1979 kwamba uwezo unaojengwa katika lugha ya kwanza huisaidia ya pili, mradi mtoto anapewa nafasi ya kutosha ya kuitumia hiyo ya pili. Masharti yote mawili yana uzito.

Mdau: Mimi ni mama tu, Kiingereza changu ni cha kuunga unga. Mwanangu yuko darasa la tatu. Nyumbani nimsaidieje nisije nikamharibu?

Mleta mada: Humharibu mama. Mwambie akusomee kifungu cha wiki, kisha akusimulie kwa Kiswahili kilichotokea. Akishindwa kusimulia, umeshajua alikuwa anatamka tu, mrudishe asome tena polepole. Muombe akufundishe wewe maneno mapya matatu, mtoto anayefundisha anakumbuka. Na muendelee kusoma hadithi za Kiswahili pamoja, kwa sababu kubashiri kitakachofuata, kujiuliza kwa nini, kugundua kwamba hukuelewa ukarudi nyuma, hayo yote anayajenga kwa lugha anayoijua vizuri na atahama nayo.

Mdau: Wa kwangu darasa la nne bado anageuza "b" na "d". Mtu kaniambia ana disleksia, yaani ule ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika. Ni kweli?

Mleta mada: Kugeuza herufi peke yake hakutoshi kusema hivyo mkuu. Watoto wengi hugeuza "b" na "d" wanapoanza kusoma na huisha taratibu. Kwa darasa la nne inafaa kuangalia kwa karibu, na pa kuangalia kwanza ni Kiswahili chake. Mpe kifungu cha Kiswahili asichokijua. Akisoma Kiswahili vizuri na kukwama Kiingereza tu, yaelekea hajafundishwa sauti za Kiingereza vya kutosha, rudini kwenye jozi na imla fupi. Akisoma Kiswahili nacho kwa taabu, polepole sana kuliko wenzake, anachoka haraka, anashindwa kutenganisha sauti za neno hata ukilisema kwa mdomo, basi mpeleke akapimwe macho na masikio kwanza, kisha kwa mtaalamu wa elimu maalumu. Usisubiri akue ataacha. Nenda na daftari lake la Kiswahili na la Kiingereza yote mawili, mtaalamu atayahitaji.